Sindano ya Mechack

Mama Tshilombo hakusomea udaktari, lakini hilo halijawahi kumzuia. Hapa Kasulo, mtaa wetu wa wachimba madini, mwanamke akishika mimba tu, yeye tayari ana maagizo: chakula cha kula, upande wa kulalia, na sindano ya kukimbia. Sindano hiyo ni ya pepopunda, ambayo sisi tunaiita tetanos. Kwa maelezo yake, wakubwa wameitengeneza makusudi ili tusizae tena, madini yabaki bila wenyewe. Alijuaje? Alisikia sokoni, kwa mtu aliyesikia kanisani. Mnataka ushahidi gani zaidi?

Kabedi, mke wa mwanawe, ni jirani yangu, ukuta wetu mmoja. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa nyumbani, mikononi mwa Mama Tshilombo, aliyekata kitovu kwa wembe wa jikoni na kukipaka majivu. Mtoto hakumaliza wiki mbili. Aliacha kunyonya, mdomo ukakaza, mwili ukapinda. Wakasema amerogwa, na mchawi aliyepatikana karibu zaidi nilikuwa mimi. Wembe haukushukiwa na mtu.

Sasa Kabedi alikuwa na mimba ya miezi sita, na aliitaka ile sindano. Muuguzi alishamweleza kwamba ikimkinga mama, inamkinga mtoto pia. Hakutaka kuzika tena. Lakini Mechack, mumewe, shujaa anayeshuka shimoni bila kofia, alimwogopa mama yake kuliko udongo kuporomoka. "Mama alikatala," alisema. Basi, mjadala ukafungwa.

Jumapili baada ya misa, Mama Tshilombo alikuja kwa mwanawe kula bukari, ugali wetu, na samaki. Nami nilipeleka chumvi ambayo hakuna aliyeiomba. Akaisogeza mbali, asije akarogwa. Kabedi akamnawisha mikono kwa heshima zote, kisha akauliza kwa sauti tamu:

"Mama, ile sindano ya tetanos, ni kweli inafungaka kizazi?"

"Kweli kabisa!"

"Ya banamuke tu?"

"Banamuke, banaume, bote! Hata mbuzi, bakimutobola na sindano, hatazala tena."

"Aksanti, mama. Sasa munisaidie. Mwaka jana kule mu shimo ya Mutoshi, chuma ilimuingia Mechack mu muguu. Ku lupitalo bamunganga balimutobola ile ile sindano, mi mwenyewe nilikuwa pale. Na hii mimba iko na myezi sita tu. Sasa, mama, ni ya nani?"

Mechack alibaki na tonge mdomoni. Mama Tshilombo akamtazama mwanawe, akalitazama tumbo, kisha akanitazama mimi, ambaye mtaa mzima unajua situnzi siri. Ama sindano haina ubaya, ama mwanawe analea mimba ya mwingine. Alitafuna muda mrefu kitu ambacho alishakimeza.

"Ile sindano haina mubaya," akasema. "Ni batu ba soko banasemaka bule."

Kesho yake alimpeleka Kabedi zahanati yeye mwenyewe, akisukuma watu kwenye foleni. Mechack naye alimweleza kila mwanamke, bila kuulizwa, kwamba sindano hii haimpunguzii mwanaume kitu. Mimi nilifuata nyuma nione mwisho wake, tena nikiwa na maneno yangu makali tayari mdomoni.

Kabla ya kuanza, muuguzi aliwaeleza wanawake ugonjwa wenyewe: unaingia kwa wembe mchafu, kwa majivu juu ya kitovu. Mtoto ananyonya vizuri siku za kwanza, kisha analiacha ziwa, mdomo unakaza, mgongo unapinda.

Mama Tshilombo aliacha kusukuma. Akaketi kwenye benchi, akaitazama mikono yake. Nilimhurumia yule mama, na niliudhika kumhurumia.

"Kabedi," alisema polepole, "yule wa kwanza..."

Kabedi alikuwa ameshakunja mkono wa blauzi.

"Nilishajuaka, mama," akasema, na kumnyooshea muuguzi mkono.