Mita Nne za Bwana Wiegand

Jumatano tuliyopigia kura mfumo wa dijitali, Bwana Wiegand alifika wa kwanza, akakaa kwenye kiti chake katikati ya meza kubwa ya reli. Alikuwa na miaka themanini na mmoja, na nyonga yake ya kushoto haikumruhusu kusimama kwa muda mrefu. Alikuwa amestaafu kutoka reli za kweli, alikokuwa akiongoza ishara. Katika chama chetu cha treni ndogo za mfano, hapa jimboni Thuringia, alishika kipande cha katikati kwa miaka thelathini na minne.

Kipande chenyewe kilikuwa mita nne za njia moja, kutoka darajani hadi kwenye mdomo wa handaki, na njia fupi ya pembeni ya kupishania. Kila kipande cha meza kilikuwa na transfoma yake na mtu wake. Umeme ulikuwa wa reli, si wa treni. Kwa hiyo treni yoyote iliyofika kwa Bwana Wiegand ilisimama mpaka yeye azungushe swichi ya transfoma yake.

"Mzee, ya mizigo inakuja," mtu angesema.

"Ngoja."

Wakati mwingine alisema "Lete," lakini si mara nyingi.

Dijitali ingeyaondoa hayo. Kila kichwa cha treni kingetiwa chipu yenye namba yake, na kila mwanachama angeshika rimoti na kuifuata treni yake meza nzima. Bwana Wiegand hakuweza kuzunguka meza. Nyumbani aliishi peke yake, na Jumatano ndiyo siku pekee aliyotoka.

"Hakuna anayekufukuza, Mzee," alisema mwenyekiti wetu, Henning Raabe. "Utapewa rimoti kama sisi."

"Nikiwa nimekaa hapa? Treni ikiingia handakini siioni."

"Itatokea upande wa pili."

"Nilipokuwa kazini niliandika ripoti kadhaa za treni zilizotarajiwa kutokea upande wa pili."

Akatoa hoja, nami nikaiandika kwenye kumbukumbu: treni isiingie kwenye mita nne zile bila ruhusa ya aliyekaa katikati. Wanne waliunga mkono, sita wakakataa. Mimi nilikuwa kati ya wale sita. Ndimi niliyeshughulikia nyaya, na sikuona sababu ya kufunga mfumo mpya kisha tubaki na foleni ya zamani. Mpaka leo sijaamua kama nilikosea.

Kura ya dijitali ikafuata. Wote kumi tuliinua mikono, yeye pia.

"Kama ni kufa, tufe kwa utaratibu," alisema, akaomba kahawa.

Nilitumia Jumamosi tatu kukata nyaya. Cha mwisho kilikuwa kipande chake.

Jumatano ya kwanza ya mfumo mpya alikuja saa ileile. Aliomba rimoti, akachagua kichwa kidogo cha kupanga mabehewa, akakifungia behewa moja. Akakipeleka taratibu mpaka kwenye mdomo wa handaki, akakirudisha mpaka darajani. Kisha akakipeleka tena.

Treni ya haraka ya Raabe ilifika darajani ikasimama.

"Mzee, tupishe."

"Ngoja. Napanga mabehewa."

"Behewa lenyewe moja!"

"Ndiyo maana nalipanga vizuri."

Raabe akanigeukia. "Bi Liebetrau, sheria inasemaje?"

Nikafungua daftari. Sheria mpya, aliyoiandika Raabe mwenyewe, ilisema kila mwanachama aendeshe popote apendapo mradi asigonge treni ya mwenzake. Nikaisoma kwa sauti.

Treni ya pili ikasimama nyuma ya ile ya Raabe, na mwenye treni hiyo akauliza kuna nini mbele. Bwana Wiegand akaingiza kichwa chake kwenye njia ya pembeni, akainua kidole. Treni zote mbili zikapita. Kisha akarudi njiani.

"Utaendelea hivi mpaka lini?" Raabe aliuliza. Hakuwa na hasira. Nadhani alitaka kujua tu.

"Leo mpaka saa tatu usiku," alisema Bwana Wiegand. "Jumatano ijayo nitaleta mabehewa mawili."