Mafundo ya Shemeji

Vitu vilivyotoka mkobani mwa shemeji yangu Jumatatu ile asubuhi vilikuwa hivi: miwani yenye mguu mmoja, kipande cha nta ya kupakia uzi, kitana kilichong'oka meno, leso mbili, na karanga zilizobaki nusu mfuko. Tajiri, mwenye karakana yetu, alivimwaga vyote juu ya meza ya kazi, mbele ya watu, akavitawanya kwa kidole kama mtu anayechambua mchele. Alikuwa anatafuta mawe. Hakuyaona.

"Yako wapi?" akauliza, na sauti ikafika barabarani.

"Yako mbele yako," shemeji akamjibu. "Yako mbele yako na huyaoni."

Kwenye beseni, kando ya mkoba ule uliopinduliwa, zilikuwa bangili kumi na mbili. Ijumaa iliyopita niliziacha zikiwa na moto ndani yake, kijani kikikimbizana na chungwa kila ulipozigeuza. Sasa shanga zake zilikuwa hazina rangi hata moja. Ungedhani mtu ametunga matone ya maji.

Mimi ndiye niliyezitoboa shanga hizo. Nimetembea sana duniani, nimepiga matofali, nimechimba visima, nimepika kambini; shule nayo niliisoma kwa vipande, darasa huku, darasa kule. Kitu kimoja nilichofuzu ni kuondoka. Pakichafuka, mimi huyo, begi begani. Ndugu yangu alipofariki nilikuja kumzika, mjane wake akanipa chumba cha nyuma na kunitafutia nafasi kwenye karakana hii ya bangili za opali, nikae kwenye keekee, nitoboe mawe. Nilisema nitakaa mwezi. Mwaka ulikuwa unakatika.

Yeye walimwita Bi Fundo. Kila akitia shanga moja kwenye uzi wa hariri alifunga fundo, akalisukuma kwa ncha ya sindano mpaka likaketi shingoni mwa jiwe. Opali ni jiwe laini, zikigusana zinachubuana. Na uzi ukikatika, inaanguka shanga moja, si zote. Msuguaji wetu wa mawe, ambaye kwa mdomo wake tulimwita Redio, alikuwa akisema Bi Fundo hata akiongea anafunga fundo kila baada ya neno, ndiyo maana maneno yake hayamwagiki.

Alikuwa na desturi nyingine. Mawe niliyoyatoboa hakuyatunga siku hiyohiyo. Mimi hutoboa kwa maji, maana jiwe likipata joto linapasuka, kwa hiyo nilimpa yakiwa na tope la kijivu. Aliyafuta, akayalaza juu ya kitambaa, dirishani, kivulini, siku nne nzima. Nilikuwa namcheka. "Shemeji, unayaatamia? Yatatoka vifaranga?" Naye hunijibu, "Yanapumzika. Ungetobolewa tumbo wewe, usingepumzika?" Sikuuliza zaidi. Mtu mzima hovyo.

Sasa Tajiri alikuwa ameshika bangili moja inayochuruzika.

"Umezifanya nini?" shemeji akamwuliza.

"Nimeziosha! Mgeni anakuja Ijumaa kuzichagua, nikazilowesha kwa sabuni toka Jumamosi zipate kung'aa. Uchafu umetoka, na uongo nao umetoka. Hiki ni kioo. Opali zangu umezibadilisha."

Marehemu baba yake Tajiri ndiye aliyewafundisha wote pale karakana kipimo cha ulimi. Opali ya aina ile ni jiwe lenye kiu. Ukiigusisha ulimi, inanata. Kioo kinateleza. Tajiri akaiinua bangili ile, akailamba mbele yetu. Ikateleza. Akaninyooshea.

"Mzee, onja na wewe. Wewe ndiye uliyeyatoboa, huwezi kudanganyika."

Nikaonja. Ilikuwa na ladha ya sabuni, na iliteleza kama kokoto ya mtoni. Hapo nilitakiwa kusema neno. Mwanamke yule amenilaza, amenilisha, na sijapata kumwona akichukua hata kiberiti cha mtu. Badala ya kusema, nikamtazama mkononi. Sikumtazama usoni. Nilimtazama mkono, kama mtu anayekagua.

Akaliona jicho langu.

"Hata wewe, shemeji?"

Nikameza mate yenye sabuni.

Akamgeukia Tajiri. Hakulia wala hakupiga kelele. Alikuwa anarudisha vitu vyake mkobani, kimoja kimoja, na kwa hasira kitana kikamponyoka mara mbili. "Jiwe lenye kiu limekunywa siku mbili, halafu unalitaka linate ulimi? Wewe ukishiba maji, utaomba kikombe? Baba yako alikwambia ulionje likiwa kavu. Hilo la kavu hukulisikia, ulikuwa unacheza gololi nje. Nilikuwa nikikuona."

Redio akacheka kwa pua, akajifanya anakohoa.

"Ijumaa zikiwa bado kioo," Tajiri akasema, "naita polisi."

"Na rangi zikirudi, utaita nani?"

Akazilaza bangili zote kwenye kitambaa chake, dirishani, akaketi kwenye kigoda chake pembeni. Kazi nyingine hakupewa. Alikaa pale kama mtu anayemwuguza mgonjwa.

Neno "mwizi" halina miguu, lakini sijapata kuona kinachotembea kama hilo, na mimi ni mtembezi. Hadi adhuhuri lilikuwa limefika mtaa wa pili. Fundi cherehani wa mlango wa jirani, ambaye miaka yote akienda kula humwachia shemeji duka, alipomwona anapita akafunga droo. Alifunga droo tu, polepole, kwa adabu. Nilisikia kile kitasa na damu ikanichemka. Nikamtukana fundi moyoni, nikamtukana Tajiri, nikatukana sabuni na aliyeivumbua. Ilipofika zamu yangu kwenye orodha, hasira ikakosa pa kukimbilia.

Nyumbani, shemeji alinimiminia chai kama siku zote, na sukari yangu ileile vijiko viwili. Hilo ndilo lililonichoma. Angenimwagia usoni ningejua pa kuanzia.

Jumanne nikafunga begi. Nikalikalia kitandani, nikatazama mlango. Nimeacha miji kwa makosa madogo kuliko hili. Lakini ningeondoka, watu wangesema nini? Shemeji kaiba, na mtoboaji katoroka na mzigo. Miguu yangu, iliyozoea kunitoa kwenye aibu, safari hii ingemwachia aibu mwingine. Nikalifungua begi.

Jumatano mawe yalikuwa yameingia ukungu. "Haya sasa," Redio akasema, "yametoka kwenye kioo, yamekuwa macho ya samaki wa kuchemsha. Bi Fundo, kesho yatakuwa nini, vitunguu?"

"Kesho utafunga mdomo," akamwambia.

Alhamisi mchana aliniita kwa kidole. Kwenye shanga moja, pale ukingoni mwa tundu nililotoboa mimi, kulikuwa na nukta ya kijani ndogo kuliko kichwa cha sindano. Tulitazama. Nikafungua mdomo niseme kile nilichokuwa nimekibeba toka Jumatatu, lakini nilikuwa nataka kukisema pale dirishani, kwa kunong'ona, tukiwa wawili. Naye alikuwa amekwishageuza uso.

Ijumaa asubuhi zilikuwa zimerudi zote. Kijani, chungwa, wekundu wa kaa linalopulizwa, bangili kumi na mbili zikiwaka dirishani bila aibu yoyote, kana kwamba hazikumtia mtu matatani.

Tajiri akaja dirishani. Akachukua moja, akaigusisha ulimi. Ikanata, ilibidi aivute. Akasogea karibu na kigoda, akainama, sauti akaishusha mpaka ikawa ya mtu anayemwamsha mtoto.

"Mama, basi tusameheane. Ni mambo ya kazi tu. Mgeni anaingia saa nne, tuzipange kwenye visanduku."

Shemeji akavaa miwani yake ya mguu mmoja.

"Uliniita mwizi kwa sauti ya sokoni," akasema. "Leo unaniomba radhi kwa sauti ya chumbani?"

Tajiri akatupa jicho mlangoni. Fundi cherehani alikuwa amesimama nje, uzi mdomoni. "Mama, mbele ya watu... mimi ndiye mwenye karakana."

"Sawa. Mawe ni yako, mwenye karakana. Mafundo ni yangu."

Akachukua mkasi. Alikata fundo la kwanza, shanga ikaanguka kwenye sinia ikalia kidogo. Akakata la pili. Vipande vya hariri akaviweka mkobani, palepale palipomwagwa. Hakuwa na haraka. Bangili ya kwanza ikaisha, akashika ya pili.

"Mzee!" Tajiri akanigeukia. "Umemtazama mwaka mzima akifunga. Unajua. Njoo ukae hapa."

Kweli nilikuwa najua. Nikaondoa mguu kwenye keekee, ikazunguka mara mbili tatu, ikatulia. Nikainuka. Nikampita Tajiri, nikaenda mpaka kizingitini, nikasimama pale fundi cherehani aweze kunisikia, na wapita njia, na mwenye genge upande wa pili.

"Jamani," nikasema, na sikujua kuwa nina sauti kubwa namna hiyo. "Jumatatu nilimdhania shemeji yangu kuwa ni mwizi. Nilionja jiwe likiwa limelowa, nikamkagua mkono, na chai yake ilikuwa bado tumboni mwangu. Hakuiba. Mjinga nilikuwa mimi. Shemeji, nisamehe."

Fundi cherehani akatoa uzi mdomoni, akatazama viatu vyake.

Nilipogeuka, mkasi ulikuwa umesimama hewani, umeachama juu ya fundo. Shemeji hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anamtazama Tajiri, naye Redio alikuwa anamtazama Tajiri, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, Redio alikuwa kimya. Nje gari la mgeni likasimama. Mlango wake ukafunguliwa, ukafungwa.

Tajiri akafungua mdomo. Akalamba midomo, akaufungua tena. Nadhani ulimi ulikuwa umemnata.