Basi la Mlimani Lisubiri

Mpanga ratiba wa kampuni ya mabasi alikuwa mwanamke asiyependa maneno mengi, na kwa siku kadhaa meneja alikuwa amemkalia kooni. Abiria wa basi la hospitali walikuwa wakishuka njia panda mbio mbio, mikoba begani, na kuliona basi la mlimani likiwaacha hivi hivi. Manesi waliotoka zamu walilalamika hadi wakachoka. Dawa ilijulikana: basi la mlimani lisubiri kidogo.

Shida ni kwamba dereva wa basi hilo alikuwa mumewe.

Nyumbani walikuwa wakipokezana kumwangalia mama mkwe, ambaye kumbukumbu zilikuwa zimeanza kumpotea. Ukimpa kisogo tu, huyo, ameshika njia. Mume akiingia, mke anatoka kwenda kazini. Basi likisubiri, mume naye anachelewa kufika, na hapo katikati mama hana mtu.

Alijaribu kila namna. Akisogeza basi la hospitali, wafanyakazi wa kiwandani wanaachwa. Akitaka kumhamisha mumewe, hakuna dereva mwingine anayeitaka barabara ile ya makorongo. Aliomba abadilishiwe zamu. Akaambiwa wanaokitaka kiti chake wamejaa nje. Mwisho akaipitisha ratiba mpya, roho ikimuuma.

"Na mama je?" mumewe akamuuliza.

"Nitafunga mlango," akasema bila kumtazama.

Mume hakukataa.

Siku ya kwanza abiria walivuka kutoka basi hadi basi bila kukimbia. Nesi mmoja akapiga simu ofisini kushukuru. Mpanga ratiba alimjibu vizuri, lakini masikio yake yalikuwa bado nyumbani. Alipogeuza ufunguo mchana ule akija kazini, alisikia kandambili zikija taratibu, kisha kitasa kikizungushwa.

"Mwanangu," mkwewe alisema kwa ndani, kwa upole kama mtu anayeomba maji, "nadhani nimejifungia."

Naye akaondoka.

Kesho yake hakuweza. Alimshika mkwewe mkono wakaenda wote ofisini, akamketisha kando yake, kati ya kabati na ukuta. Meneja alitazama, akaguna, akapita. Mama akauliza wanaondoka saa ngapi. Bado kidogo, mama. Akauliza tena. Huko njia panda mabasi yalisubiriana vizuri, na jioni nzima mpanga ratiba alijibu swali hilo moja, mkono mmoja kwenye simu, mwingine umeshika pindo la gauni la mkwewe.