Gorogoro Nne za Mukene

Tangu kuku wa kikundi walipopunguza kutaga, Agwang alikuwa akimtazama Ajambo kwa jicho la pembeni. Ajambo ndiye aliyeshika ufunguo wa stoo iliyo nyuma ya kanisa, hapa Kisoko. Ndiye aliyechanganya pumba za mahindi na mukene, dagaa wale wadogo wa ziwani. Na kila Alhamisi alikwenda Busia na kikapu kilichofunikwa, kumwona dada yake. Dada huyo aliuza nini sokoni? Mukene.

Agwang hakupenda kumsingizia mtu, alitaka ushahidi. Jumatatu, Ajambo alipokwenda kuteka maji na kuuacha mlango bila kufunga, Agwang aliingia stoo akaupandisha mfuko mmoja kwenye mizani. Ulipaswa kuwa na kilo ishirini. Mshale ulisimama kwenye kumi na nane nukta nne. Akaushusha, akapangusa mikono, akatoka kama mpita njia. Kabla jua halijachwa alikuwa amekwisha kumwomba mwenyekiti, Mzee Maloba, kwamba Jumamosi wanachama wapige kura Ajambo avuliwe ufunguo.

Jumatano, katika darasa la watu wazima, Mwalimu Owor alifungua kompyuta yake. Alikuwa akiwafundisha kutafuta namba wasiyoijua kwa lahajedwali, jedwali linalojipigia hesabu, akaomba mfano wa nyumbani. Agwang akanyanyuka.

“Mfuko wa chakula cha kuku una kilo kumi na nane nukta nne badala ya ishirini. Mwizi amechota kiasi gani?”

“Mwizi hatumjui, Mama Emoit,” Owor akasema. “Tunaujua mfuko. Tuanze na huo. Unajazwa kwa nini?”

“Gorogoro ishirini,” Ajambo akajibu kutoka benchi la nyuma, akitaja kopo lao la kupimia. “Mfuko gani huo?”

Agwang hakugeuka. Mke wa Owor alitoka Bulumbi, kama Ajambo, na Agwang alihofia upendeleo. Owor alipotaka kukisia uzito wa gorogoro moja, Agwang alikataa. Ajambo akawafungulia stoo, Agwang akaingia na wenzake wawili, akapima mwenyewe. Gorogoro ya pumba: kilo moja kamili. Ya mukene: nukta sita tu, kwa kuwa samaki wakavu hujikunja na kuacha nafasi katikati.

Owor akaandika kanuni: ishirini toa gorogoro za mukene, hizo ndizo za pumba, jumlisha mukene mara nukta sita. Namba ya mukene iliachiwa kisanduku kitupu.

“Nitaandika mimi,” Agwang akasema, kwa hofu kwamba jibu lilikwisha kufichwa ndani ya mashine.

Akaandika moja. Ikatoka kumi na tisa nukta sita. Mbili: kumi na tisa nukta mbili. Tatu: kumi na nane nukta nane.

“Mbona mukene ikizidi uzito unashuka?”

“Kwa sababu ni nyepesi. Aliyechota mukene na kujazia pumba angekuachia mfuko mzito zaidi.”

Akaandika nne. Kumi na nane nukta nne. Akaifuta, akaiandika upya. Haikubadilika.

“Si ndiyo hiyo,” Ajambo akasema. “Kumi na sita za pumba, nne za mukene. Kila mfuko.”

“Afisa wa mifugo aliyetupa kipimo hicho alisema kilo. Nani alikwambia gorogoro?”

“Mlangoni pa stoo imeandikwa ‘pumba 16, mukene 4’. Kilo haipo. Sisi hapa tunapima na gorogoro. Na mwandiko ni wako, Mama Emoit.”

Agwang akakumbuka. Aliandika maneno yale kwa chaki, akiwa wa kwanza kikundini kujua kuandika, na siku ile alikuwa amesimama mbali kuyastaajabia.

“Basi mwizi kapatikana,” akasema Becky, msichana wa kiti cha mbele. “Ni chaki.”

Wengine walicheka. Ajambo hakucheka.

“Mfuko uliupima lini? Mimi sikukuona.”

“Jumatatu.”

“Nilipokwenda maji.”

“Ndiyo.”

Ajambo akafungua fundo la leso yake, akauweka ufunguo kando ya kompyuta. “Mzee Maloba aliniuliza jana kama nimechoka na kazi. Nilishangaa. Sasa nimeelewa.” Akatoka.

Jumamosi Agwang alisimama mbele ya wanachama wote. Alieleza mizani, kisanduku, na mwandiko wake uliowapunguzia kuku mukene, na kura haikupigwa. Alimpelekea Ajambo ufunguo kwa mikono miwili na kumwomba radhi. Ajambo hakuupokea upesi.

“Nitachukua,” akasema mwishowe. “Lakini kila mfuko utasimama hapo tupime pamoja. Na ukiandika kitu mlangoni, hutaondoka mpaka mimi nisome.”

Agwang akafuta mlango, akaandika upya, safari hii na neno kilo. Ajambo akasogea, kidole juu ya ubao, akaanza kusoma polepole, neno kwa neno, huku mwenzake akingoja na chaki mkononi.