Mwanzo wa Wimbo wa Packie

Mimi sisomi noti za muziki, na sijawahi kuona aibu kwa hilo. Miaka thelathini nimepiga kodiani kwenye ukumbi wetu hapa Clare, Ayalandi, nyimbo mia tatu ziko kichwani, na anayekuja na karatasi kwenye dansi ya Jumapili namwambia akae nyuma, karibu na birika la chai. Huko ndiko alikokaa Assumpta, mwalimu wa shule, na fidla yake.

"Mwalimu, leo karatasi yako itacheza na nani?" nilimtania siku ile.

"Haichezi, Mzee Colman. Ila haisahau."

Sikumjali, nilikuwa na jambo langu. Packie, mpiga fidla aliyekaa kulia kwangu miaka yote hiyo, tulimzika Novemba. Mjane wake, Breda, hakuwa amekanyaga ukumbini tangu hapo. Nilimwahidi kwamba akija, raundi ya mwisho tutapiga wimbo wa Packie. Jumapili hiyo akaja. Raundi ya mwisho ilipofika alisimama sakafuni na kaka yake, pamoja na jozi nyingine tatu, viatu vyake vimepigwa rangi vizuri.

Nikafungua kodiani. Vidole vikagoma.

Wimbo huo siku zote Packie ndiye aliyeuanza. Sisi tulimdakia njiani. Katikati ya wimbo napajua, mwisho naujua, hata usingizini naupiga. Mwanzo sikuwa nao. Nikamtazama mpiga filimbi wetu. Naye akatazama dari.

"Anza basi, Colman!" mtu akapaza sauti. "Au unamsubiri Packie mwenyewe?"

Breda akainamisha kichwa. Hapo aibu niliiona, masikio yakawaka moto. Nikageuka nyuma.

"Assumpta, mwanangu, wimbo wa Packie unao?"

Akaja na kijikaratasi chenye mstari mmoja tu.

"Mbona kidogo hivi? Uliobaki uko wapi?"

"Packie hakutaka niandike zaidi. Alikuja shuleni Septemba, keshaanza kuumwa. Akaniambia, 'Andika mwanzo tu. Colman yaliyobaki anayajua, ila kuuanza hajauanza hata siku moja.'"

Akaupiga mstari ule akiwa amesimama. Nikaudakia mwishoni, filimbi ikaingia, na Breda akainua mguu, akacheza.

Kiti cha kulia kwangu kilikuwa kitupu. Nikamsukumia Assumpta kwa mguu, bila kuacha kupiga.