Mume na Panga Lake

Mimi sipendi dhuluma, na niliposikia shemeji yangu Mikidadi kajiandikisha mbolea ya ruzuku kwa shamba la dada yangu Mwaisha, hata chai ilinishinda. Ati mwenye shamba: Mikidadi! Shamba alilotuachia mama! Sisi Waluguru ardhi inafuata upande wa mama, hata mtoto anajua. Mume analima, anakula, anashukuru.

Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshajiandikisha, ekari mbili za kule juu, mifuko minne. Mahindi yalikuwa yameanza kuwa manjano, na namba ya kununulia mbolea ilikuwa iingie kwenye simu yangu siku yoyote. Kweli, shamba ni la kina mke wangu Furaha, lakini hilo ni jambo jingine. Nimelilima miaka kumi na tisa.

Nikashuka ofisi ya kijiji. Nilikuta watu wamejaa na mtendaji wetu, Devotha, anahakiki daftari kabla ya kulipeleka wilayani. Mikidadi yupo, anatabasamu. Furaha naye yupo, kakaa benchi la akina mama. Sikumuuliza kafuata nini.

"Mtendaji," nikasema, wala sikukaa, "tangu lini mume akawa mwenye shamba? Mume ni mgeni! Kaja na panga lake, siku akiondoka anaondoka na panga lake. Futa hilo jina, andika Mwaisha!"

Akina mama wakapiga vigelegele. Wallahi nilijisikia vizuri. Devotha akaweka rula, akalikata jina la Mikidadi.

"Umenena, Mzee Hashimu," akasema. "Hata mimi jambo hili lilikuwa linanisumbua. Basi uwe ndio utaratibu wa kijiji kizima?"

"Kabisa!" nikajibu. Nilijibu mimi, kwa mdomo wangu huu.

Furaha akasimama, akajitanda khanga yake vizuri.

"Kama ni hivyo, mtendaji, lile la kule juu ni la mama yangu. Baba Sabra alikuja na panga. Tena butu."

Watu walicheka mpaka wengine wakatoka nje. Mikidadi akaniinamia sikioni, akasema, "Shemeji, mkuki kwa nguruwe." Hakumalizia, na wala hakuwa na haja.

Nilijitetea jamani! Nikataja ndoa, nikataja mgongo wangu, nikataja miaka kumi na tisa. Devotha akanisikiliza kwa adabu zote.

"Mzee, hayo ya kwanza nimeshayaandika kwenye kumbukumbu. Nikusomee?"

Niliona aibu, sifichi. Nikaondoka bila kuaga.

Ijumaa ujumbe uliingia kwenye simu ya Furaha. Hakunisimanga. Alinipa karatasi yake ya usajili, akanipa na nauli, akaniambia niwahi Mkuyuni kabla duka halijafungwa.

Wakala wa mbolea hakunijua. Akaisoma karatasi kwa sauti, wateja wote wanasikia: "Mwenye shamba, Furaha. Mifuko minne. Wategemezi: Sabra, Twalibu, Hashimu." Akaniangalia juu ya miwani. "Huyu Hashimu ndiye kitinda mimba wake?"

Nikamjibu ndiyo, nikainama anitwike mfuko wa kwanza.