Mkanda wa Bibi Anjum

"Farasi huyu ana shetani," alisema Mzee Rahemtulla, akiufunga kitambaa mkono wa mwanawe Haider ulioumwa. "Ijumaa Haider anaoa. Atampandaje mnyama anayeng'ata watu? Kesho lori la Masasi litakuja kumchukua akauzwe, yaishe."

Subira, mtunza farasi, alikuwa ameshika hatamu. Miaka sita amemlisha farasi huyo, Kashata, amemwogesha pale ufukweni Shangani, amewapandisha watoto wa watu mgongoni mwake siku za sikukuu, na hajapata kung'atwa hata mara moja. Alikuwa na hasira, lakini hakuzoea kupayuka.

"Mzee, ameng'ata mara tatu. Jumamosi, Jumatatu na leo. Mara zote Haider anamkaza mkanda huu mpya. Ule wa zamani tukimfunga anasinzia."

"Kwa hiyo kosa ni la mkanda wangu?" Bibi Anjum, dada yake Rahemtulla, aliinuka kitini. Miezi miwili ameutarizi ule mkanda wa tumboni kwa nyuzi za dhahabu, ili bwana harusi apite nao mtaani Rahaleo watu waone. "Macho yangu yamekwisha kwa kazi ile! Mfagia mavi ya farasi ndiye wa kunikosoa?"

"Ndiye, bibi. Maana mavi yake nayajua, na maumivu yake nayajua."

"Nimemzaba makofi ya mdomo mara zote tatu, dada Subira," Haider alilalamika. "Hajifunzi."

"Amejifunza sana! Jumamosi alilaza masikio kwanza, akatikisa mkia, akakuonya. Ukampiga. Leo ameuma bila kuonya. Nani kamfundisha?"

 Subira akaufungua mkanda tumboni mwa farasi, akamsogelea Haider.

"Vua shati."

"Nini?"

"Vua. Mtu anaoa Ijumaa, ana aibu gani?"

Haider akavua huku akicheka. Subira akamzungushia mkanda kiunoni, akauvuta mara mbili kwa nguvu, kama anavyovutiwa farasi. Haider akapiga kelele, na kabla hajajua anafanya nini akamchapa Subira kofi la mkono.

Subira akausugua mkono uliochapwa.

"Nikuzabe la mdomo na mimi?" Subira aliuliza.

Mkanda ulipofunguliwa, tumbo la Haider lilikuwa na mstari wa vidoa vyekundu. Nyuzi zile ni waya mwembamba, na mafundo yake yote yalikuwa upande wa ndani. Subira akayatenganisha manyoya ya Kashata nyuma ya mguu wa mbele. Mstari ule ule, ila huu ulikuwa umechimbika na kutoa maji.

Mzee Rahemtulla akapapasa mafundo kwa kidole. Akatoa simu. "Dereva? Usije kesho. Hapana, simuuzi."

"Nitashonea kitambaa ndani," Bibi Anjum alisema kwa sauti ndogo.

"Shona, bibi. Lakini Ijumaa hapandwi na mtu. Kidonda hakijui harusi."

"Watu watasema nini, bwana harusi kwa miguu na farasi anaye?" mzee aliguna.

"Nitatembea, Baba," Haider alisema, akijisugua tumbo. "Nitamshika hatamu."

Wale watatu wakaingia ndani. Hakuna aliyemwambia Kashata pole, wala Subira. Aliteka maji, akayatia chumvi, na huku akinung'unika peke yake akaanza kuosha kidonda. Kashata akalaza masikio. Subira akaondoa mkono. Akangoja mpaka masikio yaliposimama tena, ndipo akaendelea.